Pakiti Kumi na Nne za Vitunguu

Kila siku Kalamu akirudi kutoka shule alinawa mikono kwa sabuni, akaifuta kwa taulo, kisha akaifuta mara ya pili kwa kitambaa kikavu. Mama yake alikuwa mkali kwa jambo hilo kuliko hata kwa alama za hesabu. Mkono wenye majimaji ukigusa mbegu, alikuwa akisema, mbegu inadhani mvua imeshanyesha, na itaanza kuamka kabla ya siku yake.

Kalamu halikuwa jina lake la kwenye cheti. Alipewa na baba yake alipokuwa darasa la pili, kwa sababu herufi zake zilisimama wima na kwa nafasi, kama wanafunzi waliopanga mstari wa asubuhi. Sasa alikuwa na miaka kumi na mitatu, na mwandiko ule ulikuwa umepata kazi. Mama yake aliuza mbegu za mboga kwa njia ya posta, na anwani zote zilizotoka katika nyumba ile ziliandikwa kwa mkono wa Kalamu.

Sebule yao ilikuwa na sura mbili. Upande wa mlangoni kulikuwa na viti na redio, kama sebule yoyote. Upande wa dirishani kulikuwa na meza ndefu, mizani ndogo, mikebe yenye vifuniko vya kukaza, bahasha za kaki, na muhuri wa mpira uliokuwa na magurudumu madogo ya kubadilishia tarehe. Juu ya kila pakiti yaliandikwa mambo matatu: aina ya mbegu, tarehe ya kufungwa, na namba ya fungu. Fungu ni mbegu zilizovunwa pamoja na kupimwa pamoja. Mama hakuuza hata punje moja kabla ya kuchukua mbegu hamsini, kuzifunga katika kitambaa chenye unyevu, kuziweka kwenye sahani, na kungoja aone ngapi zitaota.

Wateja walikuwa mbali, na wengi wao mama hakuwahi kuwaona. Walisoma orodha yake iliyochapishwa, wakaandika barua au kutuma ujumbe wa simu, wakalipa, ndipo wakatumiwa mzigo. Chini ya orodha ile kulikuwa na mistari minne ambayo Kalamu aliijua kwa moyo: *Tunatuma mzigo ndani ya siku saba. Mbegu zote zimepimwa. Usiporidhika tuambie, tutakurudishia pesa zako. Anwani yako hatumpi mtu mwingine.* Na hayakuwa maneno ya kupamba karatasi tu. Siku moja muuza mabomba ya kunyunyizia dawa alikuja na maneno matamu, akataka daftari la anwani ili naye awaandikie wakulima wale wale, tena aliahidi zawadi. Mama alimkaribisha kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia kwamba watu wale walimpa anwani zao awatumie mbegu, hawakumpa azigawe. Yule bwana aliondoka na mabomba yake.

Basi mambo yalikwenda vizuri hadi ulipofika msimu wa vitunguu. Mkulima aliyemzalishia mama mbegu alileta habari kwamba mvua zilikuwa zimemchelewesha kukausha. Mama alikata shauri kwenda mwenyewe, akachague mbegu na kuzipima huko huko, kwa sababu mbegu za vitunguu, alisema, huzeeka upesi kuliko nyingine zote. Angekaa siku kumi. Kabla ya kuondoka alimwonyesha Kalamu mkebe wa vitunguu uliobaki, akamwambia unatosha pakiti thelathini, na kwa kawaida yao hata ishirini zisingeagizwa katika siku hizo.

Lakini siku ya pili mtaalamu mmoja alizungumza redioni juu ya vitunguu, akaeleza jinsi vilivyo na soko mwaka ule, na simu ya mama, ambayo Kalamu alikuwa ameachiwa, haikunyamaza tena. Kalamu alitoka shuleni akikimbia, akapima, akafunga, akaandika, akapeleka posta. Siku ya tano mkebe ukaisha. Alipoupindua juu ya karatasi zilidondoka mbegu sita. Mezani kulikuwa na maagizo kumi na manne yaliyokwisha kulipiwa, na siku saba za baadhi yao zilikuwa zinakaribia kwisha.

Alijaribu kumpigia mama kwa simu ya mkulima, lakini huko mtandao ulikuwa wa kubahatisha, na kila mara alisikia sauti ile ile ikimwambia ajaribu baadaye. Jioni alimweleza baba, ambaye alikuwa fundi wa baiskeli. Baba alijikuna kichwa kwa kidole chenye grisi. Alisema yeye ukimuuliza spoki atakujibu, lakini mbegu hazijui, na kwa maoni yake bora kungoja mama arudi.

Kungoja hakukumwingia Kalamu akilini. Tangu biashara ianze hawakuwahi kuchelewesha mzigo hata mmoja, na karani wa posta alikuwa akiwasifia kwa hilo mbele ya watu. Uchelewe leo, wakati yeye ndiye ameachiwa kazi? Alisimama katikati ya sebule akiangalia huku na huku, na macho yake yakatua juu ya kabati. Kulikuwa na mkebe wa bluu. Alivuta kiti, akaushusha, akaufungua. Ndani kulikuwa na mbegu za vitunguu, nyeusi, zinang'aa, haiwezekani kuzitofautisha na zile zilizokwisha. Juu ya kifuniko kulibandikwa karatasi yenye mwandiko wa mama: *Za miaka mitatu. Za majaribio tu. Zisiuzwe.*

Kalamu aliisoma karatasi ile mara mbili. Kisha akajiambia kwamba mbegu si maziwa, hazigandi. Akajiambia pia kwamba wateja wanataka mzigo wao, na kwamba mama atafurahi. Aliketi, akapima, akafunga. Muhuri wa tarehe aliugonga bila kufikiri sana. Ila alipofika mahali pa kuandika namba ya fungu, kalamu ilisita hewani. Mwisho akaandika namba ya mkebe uliokwisha. Aliiandika vizuri, kwa herufi zilizosimama wima, mara kumi na nne.

Mama aliporudi, amechomwa na jua na amechoka, alileta gunia dogo la mbegu mpya alizozipima mwenyewe. Kitu cha kwanza alichofanya baada ya kuoga ni kufungua daftari la maagizo. Alihesabu kwa kidole, akahesabu tena.

"Kumbe zilitosha?" aliuliza.

"Zilitosha," Kalamu alijibu, macho yake yakiwa kwenye kamba aliyokuwa akiikata.

Mama alisema labda siku ile mizani ilimdanganya, akampongeza binti yake kwa kazi nzuri, na chakula cha jioni alimpakulia kabla ya mtu mwingine yeyote. Kalamu alikula bila kujua anakula nini.

Zilipita wiki kadhaa, na jambo lile likaanza kufifia, kama mambo mengi yanavyofifia yasipoulizwa. Kisha ikaja barua ya mzee mmoja aliyestaafu ufundi wa reli. Aliandika kwa ufupi. Alisema ametengeneza kitalu, akakipa kivuli, akakimwagilia asubuhi na jioni, na mpaka siku ile mmea pekee alioupata ni jani moja la nyasi ambalo hakuliagiza.

Mama alicheka kidogo, lakini hakuipuuza. Siku zote alibakiza mbegu kidogo za kila fungu kwa ajili ya malalamiko kama hayo. Alitazama namba ya fungu ambayo mzee alikuwa ameinakili kutoka kwenye pakiti yake, akachukua akiba ya fungu hilo, akapima hamsini. Zikaota arobaini na nne. Basi akaamini kuwa mbegu ni nzima na kosa lilitokea kitaluni. Alimwita Kalamu aandike jibu. Mama akasema, Kalamu akaandika: kwamba mbegu za fungu lile zimepimwa upya na ni nzuri, kwamba huenda mzee alizifukia kwa kina kirefu mno, au udongo ulikauka pasipo yeye kujua. Kalamu aliandika neno baada ya neno. Kila neno lilikuwa na adabu, na kila neno lilimtupia lawama mtu asiye na kosa.

Kuanzia saa ile hakutulia. Siku hiyo hiyo, mama alipokwenda kisimani, alichota mbegu hamsini kutoka mkebe wa bluu, akazifunga katika kitambaa chenye unyevu kama alivyofundishwa, akaiweka sahani chini ya benchi la nyuma ya nyumba. Moyoni aliomba ziote. Kama zingeota, basi mzee wa reli kweli alikosea, na yeye angeweza kulala.

Siku ya nane alikwenda posta kama kawaida. Karani alimpa barua tatu. Mama alikuwa amemruhusu kufungua barua za wateja, kwa hiyo alizifungua njiani. Ya tatu ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi iliyochanwa daftarini, kwa mwandiko wa mtu wa umri wake:

*Kwa muuza mbegu. Sisi ni kikundi cha bustani cha shule yetu, tuko wanafunzi kumi na wawili. Tulinunua pakiti moja ya vitunguu kwa mchango wetu. Tumefuata maelezo yote lakini hazikuota. Tunafikiri tumekosea, ila hatujui wapi. Wengine wanasema ni maji mengi, wengine wanamlaumu mwenzetu aliyepanda mstari wa mwisho. Mwalimu amesema tusipoonyesha miche mpaka mwisho wa mwezi, kipande chetu cha ardhi watapewa wa darasa la juu yetu. Tafadhali tueleze tulikosea wapi. Mimi ni katibu wa kikundi.*

Kalamu aliketi kwenye ukuta mfupi nje ya posta. Aliisoma tena sehemu ya mwenzao aliyepanda mstari wa mwisho. Alimwona kabisa mtoto huyo, amesimama kando, kila mtu akimnyooshea kidole, na yeye mwenyewe ameanza kusadiki kwamba mikono yake ina mkosi.

Alipofika nyumbani alikwenda moja kwa moja nyuma, akatoa sahani chini ya benchi, akafunua kitambaa. Mbegu mbili zilikuwa zimetoa kijimzizi cheupe. Zilizobaki zilikuwa zimelainika na kuanza kunuka. Kisha akapiga moyo konde, akaichukua sahani kwa mikono miwili, akaingia nayo sebuleni, akaiweka mezani mbele ya mama yake, na barua akaiweka kando yake.

"Hizi ni za mkebe wa bluu," alisema. "Ndizo nilizowatumia watu, ulipokuwa hupo."

Mama alitazama sahani. Alisoma barua. Hakupaza sauti, na Kalamu angependelea apaze. Aliuliza pakiti ngapi. Kumi na nne. Aliuliza tarehe gani iliandikwa. Ya siku ile. Aliuliza namba ya fungu, na hapo Kalamu akaonyesha mkebe mtupu. Mama akakaa, akajishika paji la uso.

"Na mimi nimemwandikia mzee wa watu kwamba hajui kupanda," alisema.

Hapo Kalamu akalia. Alieleza yote, simu isiyopatikana, siku saba zilizokuwa zinaisha, sifa za karani. Mama alimwacha aseme mpaka akamaliza. Halafu akamuuliza kwa nini hakuwaandikia wateja kwamba mbegu zimekwisha na wangoje kidogo. Kalamu alimtazama kama mtu aliyeonyeshwa mlango mahali alipodhani pana ukuta. Hakujua kwamba jambo hilo linaruhusiwa. Alidhani siku saba ni siku saba.

Mama alisogeza sahani kando. Alisema, kwa sauti ya chini, kwamba kosa hilo ni lake. Alimwonyesha mtoto jinsi ya kutuma mzigo, asimwonyeshe la kufanya mzigo usipokuwepo.

Asubuhi iliyofuata, ambayo ilikuwa Jumamosi, walikwenda wote wawili kwa mkaguzi wa mbegu. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja kilichojaa masanduku ya mbao, na mkaguzi mwenyewe alikuwa mtu mrefu aliyening'iniza miwani shingoni kwa uzi. Kalamu alikuwa amemuuliza mama njiani kwa nini waende, wakati hakuna aliyewashtaki. Mama alijibu kwamba mtu aliyepewa leseni hangoji kushtakiwa. Mbele ya mkaguzi alisimulia habari nzima, na hakusema hata mara moja "mtoto wangu". Alisema, "Pakiti zimetoka kwangu zikiwa na namba ya fungu isiyo ya kweli." Kalamu aliona aibu kubwa kuliko ambayo angeona kama angetajwa.

Mkaguzi alivaa miwani. Alieleza, polepole kama anayesomesha darasa, kwamba maandishi ya kwenye pakiti si pambo. Mnunuzi wa mbali hana kingine cha kumlinda, kwa hiyo sheria huyatazama maandishi yale kama kiapo, na mwenye leseni ndiye anayejibu, hata kama mkono uliogonga muhuri ni wa mwingine. Angegundua mwenyewe, alisema, angeifunga biashara siku hiyo hiyo. Kwa kuwa wamekuja wenyewe, atawapa onyo la maandishi na siku thelathini. Katika siku hizo wamwandikie kila mteja na kumwambia ukweli. Wampe achague, mbegu nyingine au pesa zake zote, na gharama ya posta iwe yao. Mkebe wa bluu uletwe pale uharibiwe. Mteja hata mmoja akikosa barua, leseni inarudi mezani kwake.

Kisha akamgeukia Kalamu. Kumbe alikuwa ameshaelewa. "Mwandiko huu mzuri," alisema, akigonga kidole kwenye pakiti ya mfano ambayo mama alikuja nayo, "umewafanya watu waamini haraka zaidi. Ulijua hilo?"

Kalamu alisema hakuwahi kulifikiria.

Walirudi nyumbani, na Kalamu akakaa mezani kuandika. Barua ya kwanza aliianza hivi: *Kutokana na matatizo yaliyokuwa nje ya uwezo wetu.* Aliona imekaa kiofisi, akampa mama aisome. Mama alisoma mstari mmoja tu, akauliza, "Yalikuwa nje ya uwezo wa nani?"

Kalamu aliichana. Ya pili ilisema: *Mbegu za vitunguu tulizokutumia zilikuwa za zamani na hazikupimwa. Namba ya fungu iliyoandikwa si ya kweli. Kosa ni letu, si la shamba lako wala la mikono yako.* Baada ya hapo ilieleza kuhusu kuchagua mbegu au pesa. Mama aliisoma yote, akaiweka chini, akasema hiyo ndiyo. Ya mzee wa reli mama aliongeza mistari mwenyewe, kwa mkono wake, kumwomba radhi kwa ushauri aliompa.

Barua ya watoto wa bustani haikuweza kungoja posta, maana mwisho wa mwezi ulikuwa umebaki siku kumi na moja. Katibu alikuwa ameandika namba ya simu ya mwalimu wao. Siku ya Jumatatu, saa ya mapumziko ya mchana, Kalamu akiwa amerudi nyumbani kula, mama alipiga, akamsalimu mwalimu kwa heshima, akamweleza. Halafu akasema kuna mtu anayetaka kuzungumza na wanafunzi, akampa Kalamu simu. Mwalimu alikuwa amewaita watoto na kuweka sauti ya simu wasikie wote. Kalamu alisikia miguu ikijongea, mtu akikohoa, mtu akinyamazishwa.

"Mimi ndiye niliyefunga pakiti yenu," alisema. "Hamkukosea popote. Maji yalikuwa sawa. Na yule aliyepanda mstari wa mwisho alipanda sawa. Mbegu zilikuwa za zamani sana, na mimi nilijua ni za zamani, nikazituma."

Kalamu alingoja matusi, na alikuwa tayari kuyapokea. Ndipo sauti nyembamba, pengine ya katibu mwenyewe, ikauliza, "Dada, mpya zitafika lini?"

Ulimi wa Kalamu ulitaka kusema kesho kutwa, kwa sababu kesho kutwa ingewafurahisha. Aliuuma. Alisema zinatoka leo mchana, kwa mzigo wa haraka. Karani wa posta amesema ni siku tatu mpaka tano. Siku ya tano ikipita bila mzigo, wapige namba hii hii, na pesa zao zitarudi siku hiyo hiyo. Alisikia mtoto mmoja akirudia maneno yake polepole, kama anayeyaandika. Baada ya hapo mwalimu alichukua simu. Alisema kwamba kwa kuwa kosa halikuwa la wanafunzi, mwisho wa mwezi hauwahusu tena. Atawapa wiki sita kuanzia siku mbegu zitakapofika. Nyuma yake watoto walipiga kelele, na Kalamu akaisogeza simu mbali na sikio, kwa mara ya kwanza katika wiki nyingi akitabasamu.

Majibu ya barua yalianza kuingia, moja moja. Wateja tisa, pamoja na watoto wa bustani, walitaka mbegu mpya. Watatu walitaka pesa zao, wakarudishiwa. Mmoja kati ya hao watatu aliandika kwamba hatanunua tena, na mama akasema hiyo ni haki yake, asibembelezwe. Mmoja hakujibu, na baada ya kumpigia mara mbili waligundua amehamia kwa binti yake. Mbegu zikamfuata huko. Mzee wa reli alijibu wa mwisho. Alisema atumiwe mbegu mpya, na kwamba amekubali radhi, hasa ile ya mama, kwa sababu mkewe alikuwa amemcheka wiki mbili nzima juu ya kina cha mashimo yake, na sasa barua ile ameibandika ukutani jikoni ili isomwe kila siku.

Siku ya thelathini mkaguzi alikuja mwenyewe. Aliketi mezani, akasoma nakala za barua kumi na nne na majibu yake, akalinganisha na daftari. Alifungua mikebe, akanusa, akauliza habari za kila fungu. Mwisho akatia sahihi kwenye karatasi ya onyo kwamba masharti yametimizwa. Alimwomba mama jambo moja tu, kwamba ile mistari minne ya chini ya orodha iongezewe wa tano. Mama alisema tayari ameufikiria, akamwonyesha: *Mbegu zikichelewa tutakuambia kabla ya siku saba kwisha, nawe utachagua kungoja au kurudishiwa pesa zako.*

Mkaguzi alipoondoka, Kalamu na mama walibaki wakipanga mikebe. Kalamu aliuliza kama wateja wataendelea kuwaamini. Mama alikaza kifuniko, akafuta meza.

"Mtu akienda sokoni," alisema, "anaishika nyanya, anaibinya, anaigeuza. Akikataa, anaondoka. Mteja wetu hawezi. Anampelekea pesa mtu asiyemjua, kwa sababu tu ya maneno tuliyoyaandika kwenye karatasi. Kwa hiyo, mwanangu, kitu cha kwanza tunachouza ni yale maneno. Kuchelewa kunampata kila mtu. Ukimwambia mwenzako kwamba umechelewa, atapanga mambo yake. Ukimdanganya, unampangia wewe, na hasara anaila yeye peke yake, tena huku akijilaumu. Biashara ya kufanya watu wajilaumu bure mimi siitaki, hata kama ingekuwa na faida mara kumi."

Wiki iliyofuata ilikuja bahasha kubwa kutoka kwa kikundi cha bustani. Katibu aliandika kwamba wamehesabu miche mia moja na tisini na miwili, na mmoja zaidi ambao bado wanabishana kama ni kitunguu au nyasi. Mstari wa mwisho umeota kuliko mistari yote. Kila mmoja wa wale kumi na wawili alikuwa ametia sahihi chini, wengine kwa kalamu ya risasi.

Na mwezi uliofuata mbegu za karoti zilichelewa kufika. Maagizo kumi na moja yalikuwa mezani. Mama alikuwa jikoni, na Kalamu hakumwita. Siku ya nne alikaa mwenyewe, akawaandikia wote kumi na mmoja kwamba karoti hazijafika, kwamba hajui kwa hakika zitafika lini ila mkulima ametaja wiki mbili, na kwamba aliye na haraka anaweza kurudishiwa pesa zake leo. Wanne walitaka pesa zao. Sita walikubali kungoja, na mmoja wao akaongeza kwamba anashukuru kuambiwa. Wa kumi na moja alikuwa mama mmoja wa mbali sana, mteja mpya, ambaye hakuwahi kununua kwao hata mara moja. Ujumbe wake ulikuwa wa neno moja: *Nitangoja.*

Kalamu aliliandika neno hilo daftarini mbele ya jina la mteja yule, akampelekea mama yake daftari jikoni aone.